Kuanika na Kuanua

Mchana mmoja wa mwishoni mwa Aprili, wakati wa bamvua la mwezi mwandamo, shangazi yangu wa Jambiani, Unguja, alikuwa ameanua mwani wake mara mbili tangu asubuhi, na mvua ilikuwa bado haijadondosha hata tone. Masika ndivyo yalivyo. Mwani hutandazwa kwenye majamvi uani, jua hutoka kwa dakika chache, kisha wingu hupanda kutoka upande wa bahari na kila kitu hukusanywa kwa haraka, kwa kuwa mwani ukinyeshewa ukiwa nusu mkavu hupoteza ubora wake, na mnunuzi, ambaye hata mwani mzuri huununua kwa bei ya kutupa, hupata sababu nyingine ya kuishusha.

Mimi nilikuwa nimeketi barazani na simu mkononi. Nilikuwa nimeifuatilia habari moja kwa siku kadhaa, na nilidhani nimepata namna nyepesi ya kumweleza.

"Shangazi," nilimwambia, "wataalamu wamepata harufu ya bahari kwenye sayari nyingine."

Hakuinua uso. Aliendelea kukunja pembe ya jamvi.

"Harufu ya bahari gani, mwanangu? Ya mwani ulio hai au ya mwani unaooza?"

Sikuwa na jibu.

Wingu lilipita, mwani ukaanikwa kwa mara ya tatu, nami nikarudi mjini na swali lake. Zimepita wiki sita, na halijanitoka.

Harufu na mwenye harufu

Gesi iliyozua gumzo lote lile inaitwa dimethili salfaidi. Ni muungano wa kaboni, haidrojeni na salfa, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kutambulishwa kwayo kwa maneno mengi, kwa sababu ni sehemu ya ile harufu inayompokea ndani ya gari kabla bahari yenyewe haijaonekana. Hapa duniani karibu yote hutoka kwa viumbe: hasa vijimea vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho, pamoja na baadhi ya aina za mwani. Ndiyo sababu wanaotafuta uhai kwenye sayari za mbali waliiweka kwenye orodha ya dalili zao.

Nilipokwenda kusoma zaidi nilikutana na jambo lililonichekesha nikiwa peke yangu. Vijimea hivyo havitoi gesi nyingi vikiwa vimetulia katika afya yake. Ndani ya seli vinahifadhi kemikali nyingine ambayo ndiyo mzazi wa gesi hiyo, na seli inapopasuka, ama kwa sababu imezeeka, ama imeshambuliwa na virusi, ama imetafunwa na vidudu vinavyoelea majini, kemikali hiyo huvunjika na gesi hutoka. Harufu tunayoiita ya bahari ni kwa sehemu kubwa harufu ya kuliwa na kufa. Swali la shangazi, ambalo mchana ule nililichukulia kuwa mzaha, lilikuwa karibu zaidi na kemia kuliko sentensi yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka sentensi yenyewe.

Kilichoanikwa

Habari mliisoma. Katikati ya Aprili 2025, timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge inayoongozwa na Nikku Madhusudhan ilitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona dalili za gesi hiyo, au ndugu yake dimethili disalfaidi, au zote mbili, katika angahewa ya sayari K2-18b, iliyo kwenye kundinyota la Asadi, umbali wa miaka ya nuru 124. Mwanga uliopimwa uliondoka huko karibu na mwaka 1901, Sultani Hamoud bin Mohammed akiwa bado kwenye kiti cha Unguja.

Hakuna aliyeona bahari. Hata sayari yenyewe hakuna aliyeiona, si kama nukta wala kama kivuli. Kinachojulikana ni kwamba kila baada ya siku 33 hivi inapita mbele ya nyota yake, ambayo ni nyota kibete nyekundu, na inapopita huziba kama sehemu 3 katika kila sehemu 1,000 za mwanga wa nyota hiyo. Kwenye ukingo wa sayari, mwanga kidogo mno hupenya katika angahewa yake kabla ya kuendelea na safari ya kuja kwetu, na kila gesi iliyomo hunyonya rangi zake maalumu. Darubini yenye kioo cha upana wa mita 6.5, iliyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, hupima upungufu huo rangi kwa rangi. Mwisho wa kazi yote hiyo ni grafu yenye vilima vidogo, na kila kilima kina mstari mrefu wa mashaka juu yake na chini yake.

Mimi nikaiita harufu.

Timu yenyewe ilikuwa na adabu kuliko mimi. Ilisema imefikia kiwango cha sigma 3, yaani uwezekano wa asilimia 0.3 kwamba ishara ile imetokea kwa bahati tu, na ikaongeza kwamba kiwango kinachokubalika kwa kutangaza ugunduzi ni sigma 5, na kwamba huenda saa 16 hadi 24 zaidi za darubini zingeweza kuwafikisha huko. Kwenye makundi ya simu taarifa hiyo ilipofika kwetu ilikuwa imekwisha kugeuka: wana uhakika wa asilimia 99.7 kwamba kuna viumbe. Niliisoma katika kundi la familia, nikaweka alama ya kidole gumba, nikaendelea na shughuli zangu. Kidole gumba kile nacho kinanisumbua.

Asilimia 0.3 inahusu kelele za chombo na za nyota peke yake. Inauliza hivi: kama gesi hii isingekuwapo kabisa, ni mara ngapi kelele zingechora vilima vinavyofanana na hivi? Haisemi lolote kuhusu gesi nyingine inayoweza kuchora vilima hivyohivyo. Wala haigusi swali la nani au nini kimeitoa gesi, hata kama ipo. Mtu anayetoka kwenye grafu kwenda kwenye kiumbe ana milango mitatu ya kupita, na ile 99.7 inazungumzia mlango wa kwanza tu.

Maji yangu ya mwaka 2019

Inanibidi nikiri jambo ambalo wasomaji wa siku nyingi wanaweza kulikumbuka.

Mnamo Septemba 2019 timu mbili zilizotumia vipimo vya darubini ya Hubble zilitangaza mvuke wa maji kwenye angahewa ya sayari hiihii, K2-18b. Niliandika makala hapa siku ya pili yake, nikaipa kichwa cha maneno mawili na alama ya mshangao: Maji Yamepatikana! Ilisomwa na kusambazwa kuliko chochote nilichokuwa nimewahi kuandika.

Mwaka 2023 James Webb iliitazama sayari hiyo kwa upana mkubwa zaidi wa rangi. Ikaona methani na kaboni dayoksaidi bila utata mkubwa. Yale maji yakayeyuka: katika ukanda mwembamba ambao Hubble iliweza kuuona, methani na mvuke wa maji hufanana, na kilichodhaniwa kuwa maji yumkini kilikuwa methani. Nilizisoma taarifa hizo zote kwa makini.

Sikuandika neno.

Nimejiuliza kwa nini, na sababu zote ninazozipata ni za aibu. Methani haina mvuto. Msomaji aliyeshangilia maji hafurahi kurudi miaka minne baadaye kuambiwa ni gesi ya jikoni. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyazoea maji yale. Nilikuwa nimeyataja harusini, kwenye vijiwe vya kahawa, darasani kwa mpwa wangu. Kwa lugha ya uani kwa shangazi, nilianika na sikuanua, na mvua ikanyesha juu ya jamvi langu mimi nikiwa ndani nimelala.

Walioanua

Safari hii waanuaji hawakuchelewa. Kabla ya Aprili kwisha, Jake Taylor wa Oxford alikuwa amezipima takwimu zilezile kwa njia isiyodhani kuwapo kwa gesi yoyote mahususi, akaonyesha kwamba mstari ulionyooka kabisa, usio na kilima hata kimoja, unaingia ndani ya mashaka ya vipimo. Mwezi Mei timu ya Chicago iliyoongozwa na Rafael Luque ikaunganisha vipimo vyote vya James Webb kwa sayari hiyo, badala ya vile vya chombo kimoja, na ikaona kwamba ushahidi wa gesi ile hautoshi. Kundi jingine, likiongozwa na Luis Welbanks, liliongeza idadi ya gesi zinazoruhusiwa kushindana, na likaonyesha kwamba orodha ikirefuka huja gesi nyingine ambazo zinaielezea grafu vizuri vilevile. Ukiwapanga watuhumiwa wachache tu mstarini, mmoja wao ataonekana kuwa ndiye mwizi.

Kuna pia suala la mlango wa tatu, lile la nani au nini kimeitoa gesi. Dimethili salfaidi imekutwa kwenye nyotamkia 67P, ile iliyotembelewa na chombo cha Rosetta, mahali ambapo hakuna anayedhani pana vijimea. Katika maabara, watafiti wameangazia mchanganyiko wa gesi za kawaida kwa mwanga mkali na ikajitengeneza bila msaada wa kiumbe chochote. Sayari yenyewe ina upana wa mara 2.6 na uzito wa zaidi ya mara 8 ya dunia yetu. Kikundi cha Cambridge kinaiona kuwa huenda ni bahari iliyofunikwa na haidrojeni. Wengine wanaona takwimu hizohizo zinafaa mpira wa gesi usio na uso wa kusimama, au bahari ya miamba iliyoyeyuka.

Lakini jambo lililonigeuza si lolote kati ya hayo. Ni kiasi. Hapa kwetu gesi hii haifiki hata sehemu moja katika bilioni ya hewa. Kule, kama usomaji wa Aprili ni sahihi, inazidi sehemu 10 katika milioni, yaani maelfu ya mara. Nilimweleza shangazi kwa simu, nikitegemea atastaajabu.

"Basi huko hakukaliki," alisema.

Ndege aliyedanganywa

Kuna ndege wa bahari kuu, wa jamii ya albatrosi, ambao husafiri mamia ya kilomita juu ya maji wakifuata harufu. Tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba mojawapo ya harufu wanazozifuata ni hii hii ya dimethili salfaidi, kwa sababu mahali vijimea vinapotafunwa ndipo vilipo vidudu, na palipo vidudu pana chakula. Ndege hana haja ya sigma 5. Ananusa, anageuka, anakwenda kuona.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba plastiki ikikaa baharini kwa wiki chache huota utando wa vijimea na kuanza kutoa harufu hiyohiyo, na kwamba ndege wanaoifuata zaidi harufu hiyo ndio wanaokutwa na plastiki nyingi tumboni. Harufu ni ya kweli, hata uhai uliomo ni wa kweli, ila chakula hakipo.

Nilisita kuitumia habari hii kwa kuwa inaelekea kuwa nzuri mno kwa hoja yangu. Ila tofauti yetu na ndege ndiyo inayonishughulisha zaidi kuliko ufanano. Ndege hufika. Akikosea, anakosea akiwa juu ya kitu chenyewe, na pengine kesho atajifunza. Sisi hatutafika K2-18b. Hakuna chombo kilichowahi kujengwa ambacho kingefika huko ndani ya umri wa taifa lolote linalojulikana. Kila tutakachojua kuhusu sayari hiyo, milele pengine, tutakijua kutoka kwenye ule ukingo mwembamba wa mwanga, na hakutakuwa na siku ya kwenda kuhakikisha kwa mikono.

Siku tulipojinusa wenyewe

Mwezi Desemba 1990, chombo cha anga cha Galileo kikiwa njiani kwenda Mshtarii kilipita karibu na dunia ili kuongeza mwendo. Mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake wakavigeuza vyombo vyake kutazama huku, wakajifanya hawajui lolote, kisha wakauliza kama vingetambua kwamba hapa pana uhai. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1993, yanafurahisha kwa jinsi yalivyo na tahadhari: oksijeni nyingi ikiwa pamoja na methani, gesi mbili ambazo huangamizana na kwa hiyo lazima kuna kitu kinachozitoa upya kila wakati; rangi ya ajabu juu ya nchi kavu inayonyonya mwanga mwekundu; na mawimbi ya redio yasiyofanana na ya radi. Hata hivyo waliandika kama watu wanaojenga kesi. Hawakujipongeza kwa kugundua dunia.

Ninachokipenda katika jaribio lile ni upande wake wa pili, ambao hautajwi sana. Oksijeni ilianza kujaa katika angahewa yetu kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, ilhali viumbe vilikuwapo mamilioni mengi ya miaka kabla ya hapo. Mtazamaji wa mbali mwenye orodha ya dalili kama yetu angeitazama dunia ya enzi hizo, asingeona oksijeni, akaandika kwamba hapa ni patupu. Kwa hiyo harufu inaweza kuwapo bila mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwapo bila harufu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na sijawahi kuisikia methali hiyo ikisemwa na mtu aliyeanua mara tatu kwa siku moja.

Shangazi ana sababu ya kuanua kila wingu. Akiliamini wingu la uongo, hasara yake ni mgongo kuuma. Akilipuuza wingu la kweli, hasara ni kazi ya bamvua zima. Kwake kosa moja ni jepesi na jingine ni zito, na hukata shauri kwa sekunde chache. Kwa sayari ya mbali sijaweza kupanga uzito wa makosa. Tukiamini harufu ya uongo, nani anaumia? Kwa muda nilidhani hakuna. Sasa nadhani anayeumia ni yule atakayekuja na harufu ya kweli miaka 30 ijayo, akakuta wasomaji tumekwisha kusikia habari za dalili za uhai, maji, gesi ya fosfini ya Zuhura, jiwe la Mirihi na bahari ya Asadi, na tumechoka.

Neno kukalika

Sentensi ya shangazi kwa simu ilinirudisha kwenye lugha. Kiswahili kinasema mahali panakalika au hapakaliki, na hatumaanishi tu kwamba pana maji ya kimiminika. Nyumba inaweza kuwa na kisima, paa na mlango, na bado isikalike kwa sababu ya jirani. Wanaastronomia wana ukanda wanaouita wa kukalika, yaani umbali kutoka kwenye nyota ambapo maji hayagandi wala hayachemki yote, na K2-18b imo ndani yake, kwani hupokea mwanga unaokaribia kiasi tunachokipokea sisi. Ila ukanda huo ni kipimo cha umbali wa kiwanja kutoka barabarani. Nyumba bado hatujaingia.

Jambiani ninaliona hilo bila darubini. Ukulima wa mwani ulipoanza kibiashara mwaka 1989, aina inayoitwa kotonii, yenye bei nzuri, ilimea kwenye maji ya kina kifupi ambako mwanamke anaweza kutembea. Leo kwenye maji hayohayo inaoza kwa joto, na waliobaki nayo wameifuata kwenye kina kirefu, kwa boti, jambo ambalo wengi, shangazi akiwemo, hawaliwezi. Bahari ni ileile, umbali wake kutoka kwenye jua haujabadilika, lakini kwa mmea mmoja mahali palipokalika hapakaliki tena, kwa tofauti ya nyuzi chache ambazo hakuna mtazamaji wa umbali wa miaka ya nuru 124 angeweza kuziona kwenye grafu.

Bamvua la tatu

Juzi usiku niliifungua makala yangu ya 2019. Sikuifuta. Niliondoa alama ya mshangao, nikaandika juu yake aya moja kuhusu methani, na tarehe.

Jana shangazi akapiga simu mwenyewe, jambo analolifanya kwa nadra, akitaka kujua wale watu wa harufu wamefikia wapi. Nikamwambia bado wanabishana, na wanasubiri sayari ipite tena mbele ya nyota yake. Akauliza inapita lini. Nikamweleza kwamba ni kila siku 33, ingawa si kila mpito huonekana, kwa kuwa kioo cha darubini lazima kikae kivulini daima na kuna miezi ambayo haiwezi kuelekezwa upande ule.

Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini. "Bamvua mbili na siku tatu, nne," alisema. "Kumbe si mbali. Nipigie bamvua la tatu."

Nilianza kumweleza kwamba huenda ikachukua miaka, lakini alikuwa amekwisha kukata simu. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nimemsikia mtoto wa jirani akipiga kelele kwamba wingu linapanda.